Masta Ipi Baada ya Uhandisi wa Anga?



Mpendwa kijana, umemaliza digrii ya uhandisi wa anga na kila mtu nyumbani anauliza, "Masta utasomea nini?" Wewe mwenyewe hujui. Usione aibu. Digrii ya kwanza hukuonjesha kila kitu kidogo kidogo. Masta inakudai uchague kimoja.

Matawi makubwa ni haya:

1. Aerodinamiki: jinsi hewa inavyopita kwenye bawa. Hapa ni hesabu na kompyuta kutwa nzima.
2. Injini na roketi: mafuta, joto na mwako. Bila maabara nzuri utaishia kwenye vitabu, kwa hiyo kagua chuo kwanza.
3. Miundo: uzito, nyufa na uchovu wa metali. Ujuzi huu unatumika hata kwenye magari na mitambo ya upepo.
4. Udhibiti: kompyuta inayoongoza chombo. Unafungua pia mlango wa droni na roboti.
5. Satelaiti: kuziunda, kuziongoza na kutumia picha zake.

Sasa jiulize: kazi hiyo utaifanyia wapi? Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya Marekani iitwayo Uhuru ilirushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Aprili 2023 ikaruka Taifa-1 ya Kenya, kutoka California, ili ipige picha za ardhi zisaidie kilimo na mazingira. Roketi ilikuwa ya wengine, lakini picha zinahusu mashamba yetu. Ukichagua roketi, huenda ukaishi ughaibuni miaka mingi. Si dhambi, ila ujue mapema, na wazazi wajue. Ukichagua satelaiti au droni, kuna kazi inayokusubiri karibu zaidi na nyumbani.

Mtakatifu Ignasi wa Loyola anatupa njia nzuri ya kuamua. Fikiria mtu usiyemjua kabisa, mwenye alama zako, vipaji vyako na hali ya familia yako, amekuja kukuomba ushauri. Ungemwambia asomee nini? Basi, ufanye hivyo hivyo wewe. Tena anaonya: usibadili uamuzi wakati moyo umejaa giza. Barua moja ya kukataliwa ufadhili isikufanye uhame tawi usiku huohuo.

Zoezi la wiki hii: chagua matawi mawili. Kwa kila moja andika faida na hasara, kisha mtafute mtu mmoja anayelifanyia kazi umuulize siku yake huwaje. Peleka karatasi hiyo mbele ya Ekaristi, ukae kimya nayo.

Roho Mtakatifu akuangazie. Amina.