SOMO LA LEO: FILAMU YA MAGARI ILIYOPIGWA KWA SIKU 10

Wafanyabiashara wenzangu wa mtandaoni, leo tunajifunza mtaji kupitia filamu.

Wengi mnaijua The Fast and the Furious ya 2001, ya Vin Diesel na Paul Walker. Ile ilikula dola milioni 38. Sasa jina hilo lilitangulia kwenye filamu nyingine ya Marekani ya 1954, isiyo na rangi, ya bajeti kama dola 50,000 tu. Hadithi yake ni tofauti: jamaa kasingiziwa mauaji, katoroka jela, kamteka dada mwenye Jaguar nyeupe, wanaingia kwenye mashindano ya magari ili jamaa avuke mpaka kwenda Mexico.

Mwenye mradi alikuwa Roger Corman, kijana wa miaka 28. Tuangalie alichofanya.

1. ALIJUA MTEJA KAFUATA NINI
Anayekuja kuona filamu ya magari anataka magari yakimbie, basi. Sehemu kubwa ni watu wawili, gari na barabara. Kuna vipande unaona kabisa vimeungwa haraka haraka, lakini gari ni gari kweli na dereva ni dereva kweli. Ndo utamu wa filamu hizi. Na wewe kama unauza viatu, mteja anataka kuona soli na mshono. Hajaja kuangalia pazia lako.

2. MTU MMOJA, KAZI TATU
Hadithi aliitoa Corman mwenyewe, akasimamia utengenezaji, na gari moja la mashindano akaendesha yeye. Mwigizaji mkuu, John Ireland, alikuwa pia mmoja wa waongozaji wawili.

3. HAKUKUBALI MTAJI ULALE (hapa tulia)
Filamu ilipoisha, studio kubwa zilitaka kuinunua. Shida ni kwamba angesubiri muda mrefu hela irudi, na huku hana cha kutengenezea nyingine. Akaenda kwa kampuni changa ya kusambaza filamu, akataka mkataba wa filamu kadhaa, gharama yake arudishiwe mapema kila anapokabidhi. Mwaka uliofuata akatoa Five Guns West, ya kwanza kuiongoza mwenyewe. Baadaye alitengeneza filamu mamia.

Tupige hesabu. Una mzigo wa 300,000.
- Duka A linachukua kwa 450,000, linalipa baada ya miezi miwili. Faida 150,000.
- Wateja wako wanatoa 390,000, hela mkononi. Faida 90,000. Ukizungusha mara nne ndani ya miezi hiyo miwili, faida ni 360,000.

Faida ya A ni kubwa kwa mzigo mmoja, ila miezi miwili hauna cha kuuza, na wateja wanahamia kwa mwingine. Biashara nyingi ndogo zinafia hapo, huku daftari linaonyesha faida.

Ila zingatia: Corman alipewa hela mapema kwa sababu alikuwa anamaliza kazi. Ukiomba wateja kianzio cha oda, mzigo ufike siku uliyosema. Kianzio si hela ya kula.

ZOEZI: Leo usiku andika nani anakudai, unamdai nani, na hela yako imelala wapi. Tuambie kwenye komenti: mtaji wako unazunguka mara ngapi kwa mwezi? Mtumie na mwenzako anayekopesha sana.