Dhana ya Kupachika Hifadhi ya Mtandao katika Kompyuta ya Ubao Mmoja

Kompyuta ya ubao mmoja iitwayo Raspberry Pi, iliyotolewa nchini Uingereza mwaka 2012, aghalabu hutegemea kadi ndogo ya kumbukumbu badala ya diski. Kadi hiyo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara. Kwa hiyo, idara inayokitumia chombo hicho kurekodi, kwa mfano, masimulizi ya wazee, haina budi kuzipeleka rekodi zake katika hifadhi ya pamoja iliyo mtandaoni. Njia mojawapo ni itifaki ya NFS, iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mnamo 1984.

Istilahi yastahili kutazamwa kwanza. Wengi husema "kuunganisha". Neno hili linatosha kwa waya, lakini halielezi tendo lenyewe. Katika mfumo wa Linux, hutengenezwa kwanza saraka tupu, tuseme /mnt/sauti, kisha amri ya mount huipachika hifadhi ya mbali juu yake. "Kupachika" linaafiki zaidi, kama mtu apachikavyo mshale katika upinde: mahali pake pamekwisha kuwapo. Upungufu wa neno hili ni kwamba halidokezi maana ya kufunika, na humo ndimo ilimo hatari.

Hifadhi ikishapachikwa, chochote kilichokuwamo katika saraka ile hufichika bila kufutwa. Tuchukulie kwamba umeme umekatika, na uliporudi kompyuta ikawaka kabla ya seva. Mstari wa faili ya /etc/fstab wenye neno nofail huiruhusu iendelee kuwaka hata bila hifadhi. Programu ya kurekodi haitambui badiliko lolote. Huandika katika /mnt/sauti kama kawaida, ila sasa inaandika kwenye kadi. Hifadhi inapopachikwa baadaye, rekodi za siku hizo hazionekani tena. Mtafiti hudhani zimepotea, ilhali zimefunikwa tu; kadi ikifa kabla hajagundua, zimepotea kweli, na msimulizi huenda hayupo tena wa kuulizwa. Kinga yenyewe si ngumu: programu ithibitishe kwa amri ya mountpoint kabla ya kuandika. Aidha, saraka ikiwa bado tupu yaweza kufungwa kwa chattr +i, ili jaribio la kuandika kwenye kadi likatae papo hapo.

Umiliki nao hutatanisha. NFS isiyotumia Kerberos hutegemea namba za watumiaji, si majina yao. Mtumiaji wa kwanza wa Raspberry Pi kwa kawaida hupewa namba 1000. Ikiwa namba hiyo katika seva ni ya mtu mwingine, faili zote huhesabiwa kuwa zake. Naye msimamizi mkuu, mwenye namba 0, kwa kawaida huvuliwa mamlaka na seva, hivyo programu iendeshwayo kwa jina lake yaweza kunyimwa ruhusa ya kuandika. Namba hizo zilinganishwe katika mashine zote mbili kabla ya rekodi ya kwanza kupelekwa.