Kanuni na Hiari ya Mtegaji katika Vitendawili

Utangulizi
Kila mchezo wa maneno una kanuni zinazowafunga wachezaji wote, na una hiari ya yule anayeuongoza. Katika michezo ya mezani ya uigizaji, iliyoenea baada ya Dungeons & Dragons kuchapishwa Marekani mwaka 1974, mwenye hiari hiyo ni msimulizi. Kwetu pwani ni mtegaji wa kitendawili. Makala haya yanachunguza mipaka ya hiari yake.

Kanuni
Mtegaji husema, "Kitendawili!" Hadhira hujibu, "Tega!" Fumbo hutolewa, majibu hujaribiwa, na wakishindwa huombwa mji. Utaratibu huu ndio unaomwezesha mtoto wa Kisauni kuingia katika mchezo wa Likoni bila kufundishwa upya.

Hiari
Mtegaji akipewa Changamwe, anaweza kuikataa na kudai Mombasa nzima. Akiridhika, husimulia safari yake huko apendavyo, ndipo atoe jibu. Hiari ya namna hii haimdhulumu mtu, huunogesha mchezo.

Mgogoro huzuka kwenye jibu. Chukua mfano: "Nyumba yangu ina nguzo moja." Jibu lililozoeleka ni uyoga. Je, mtoto akisema mwavuli? Mwavuli una nguzo na una paa. Tena humsitiri mtu, jambo ambalo uyoga haulifanyi. Kumkatalia kwa kuwa "jibu si hilo" ni kupima kumbukumbu, si fikra. Hata hivyo, kila jibu likikubaliwa, hakuna atakayetoa mji, na mchezo utakufa.

Kigezo
Tunapendekeza kwamba jibu likubaliwe iwapo linatimiza kila neno la fumbo. Mlingoti una nguzo lakini hauna umbo la nyumba, basi haufai. Mwavuli unafaa. Aidha, mtegaji aliyeukubali mwavuli kwa nduguye asiukatae kwa jirani. Hiari isiyo na msimamo ni upendeleo.

Hitimisho
Barazani, aliyekataliwa anaweza kubisha na wenzake wakamwamua. Katika chumba cha mtihani hakuna baraza. Mwanafunzi aliyeandika mwavuli hupata sufuri, wala hajui kosa lake. Kwa hiyo, mwalimu anayesahihisha amerithi kiti cha mtegaji. Inampasa ajiulize kwanza: jibu hili limevunja neno gani la fumbo? Asipoliona, ampe mwanafunzi haki yake.