Fito za Kuku Kulalia

Kuku kwa asili yake hupenda kulala juu. Mfugaji wa Kithimani, katika Machakos, asiyewawekea kuku wake fito huwalaza juu ya kinyesi chao, nacho kikilowa hueneza maradhi ya kuhara damu.

Yafaa ufito uwe na unene wa inchi 2, ulainishwe usiumize nyayo, na uinuliwe futi 2 kutoka chini. Kila kuku apate inchi 9. Basi ufito wa futi 6 watosha kuku 8. Fito zote ziwe za kimo kimoja, kwani kuku huigombania iliyo juu.

Mlingoti wa mkonge ni mwepesi, tena hupatikana Ukambani bila taabu. Lakini moyo wake ni laini, hufanya matundu, na humo utitiri mwekundu hujificha mchana. Usiku hutoka kufyonza damu, hata kuku wakadhoofu na kupunguza kutaga. Mti mgumu ulioambuliwa gome ni bora. Usipigiliwe misumari, bali ulazwe juu ya panda mbili, upate kuondolewa, kumwagiwa maji yachemkayo na kuanikwa juani. Mwenye kushuku utitiri na aingie bandani usiku kwa taa, atazame upande wa chini wa fito.