Somo la 12: Kupima Mvua

Katika kijiji kimoja mkoani Dodoma, mvua ya kwanza ilinyesha usiku. Mabati yalipiga kelele. Asubuhi mama mmoja aliona uwanja umelowa. Akachukua debe lake la mbegu za karanga, akazipanda zote.

Karanga ziliota. Kisha jua likawaka siku nyingi bila mvua. Miche ikakauka. Mama yule hakuwa na mbegu nyingine.

Jioni alikuja kisomoni, akauliza:

"Mwalimu, mzee jirani yangu hakupanda siku ile. Aliniambia kopo lake lina milimita 6 tu. Mimi nikamcheka. Milimita 6 ni kitu gani?"

Mwalimu akajibu: "Mama, hilo ndilo somo letu la leo."

Mvua hutoka wapi?

Jua hupasha moto maji ya bahari, maziwa, mito na udongo. Maji hugeuka kuwa mvuke. Mvuke huu hatuuoni kwa macho. Mvuke ulio hewani huitwa unyevu wa hewa.

Hewa yenye joto hupanda juu. Huko juu kuna baridi. Mvuke hupoa, ukawa matone madogo sana. Matone hayo mengi kwa pamoja ndiyo wingu. Yakiungana na kuwa mazito, huanguka. Hiyo ndiyo mvua.

Jambo hili unaliona jikoni. Funua sufuria ya maji yanayochemka. Utaona matone upande wa ndani wa kifuniko.

Milimita ni nini?

Mvua hupimwa kwa kimo cha maji. Tuseme mvua yote imebaki juu ya ardhi. Haikuzama, haikutiririka wala haikukauka. Kimo chake ndicho kipimo cha mvua. Milimita 10 ni sawa na sentimita 1.

Mvua ya milimita 1 katika eneo la mita 1 kwa mita 1 ni lita 1 ya maji. Katika ekari moja ni kiasi cha lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Ukiyabeba kichwani ni maji mengi. Kwa shamba ni machache. Hulowesha vumbi tu, na jua huyakausha.

Jinsi ya kupima

1. Tafuta kopo lenye mdomo na kitako vya upana mmoja. Kitako kiwe bapa.
2. Lifunge kwenye mti mfupi uliosimikwa mahali pa wazi, mbali na nyumba na miti. Mdomo wa kopo upite juu ya mti huo. Kopo lisiegemee upande.
3. Kila siku saa 3 asubuhi, ingiza rula ndani ya kopo. Soma kimo cha maji. Rula nyingi zina nafasi kidogo kabla ya sifuri. Ikate kwanza.
4. Andika tarehe na milimita katika daftari.
5. Mwaga maji, ulirudishe kopo mahali pake.

Je, tupande lini?

Wataalamu wengi huhesabu kwamba msimu umeanza ikinyesha milimita 20 au zaidi kwa siku moja au mbili, na baadaye pasiwe na siku nyingi za ukame. Chimba pia udongo, uone unyevu umefika wapi.

Lakini kopo hueleza mvua iliyokwisha kunyesha. Halielezi mvua ya kesho. Kwa hiyo sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa katika redio. Utasikia maneno "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Wastani ni kiasi cha kawaida cha mahali, kilichopatikana kwa kupima miaka mingi. Dodoma hupata karibu milimita 600 kwa mwaka. Bukoba hupata karibu milimita 2,000. Wastani wa Bukoba sio wastani wa Dodoma.

Msimu uliofuata, mama yule alikuwa na kopo lake. Mvua ya kwanza iliponyesha, mzee jirani yake alipita.

"Mwanangu, leo unapanda?"

"Milimita 8, baba. Nangoja."

Baada ya siku tisa alisoma milimita 26. Utabiri ulisema mvua itaendelea. Akaita watoto, wakachukua majembe.

Maswali

1. Kwa nini karanga za mama yule zilikauka?
2. Wingu ni nini?
3. Kopo lina maji ya kimo cha sentimita 2. Hizo ni milimita ngapi?
4. Ikinyesha milimita 5, ekari moja hupata kiasi cha lita ngapi?
5. Tengenezeni kopo la kupimia mvua hapa kisomoni. Andikeni vipimo kwa mwezi mmoja.