Jenga Nyumba Ukiwa Babeli

SOMO LA WIKI
Andiko: Yeremia 28, Yeremia 29:1-14

Yeremia 29:11 tunaipenda sana. Iko kwenye kalenda, kwenye vikombe, kwenye ukuta wa sebule, hata kwenye vioo vya matatu. Lakini hebu nikuulize, mstari wa 10 unasemaje? Wengi hatuukumbuki. Mstari wa 10 unataja miaka 70. Ile ahadi tamu ilikuja ndani ya barua iliyowaambia watu kwamba hawarudi nyumbani hivi karibuni. Wiki hii tuisome barua nzima.

1. Mahubiri matamu ya Hanania

Mwaka 597 K.K., Nebukadreza alimchukua mfalme Yekonia pamoja na wakuu na mafundi, akawapeleka Babeli. Swali la kila mtu lilikuwa moja: tutarudi lini?

Nabii Hanania akasimama hekaluni, mbele ya makuhani na watu wote, akatangaza: miaka miwili tu! Akaitoa nira shingoni mwa Yeremia, akaivunja watu wakiona. Fikiria ibada hiyo. Ujumbe mtamu, ishara ya kuonekana kwa macho, na tarehe iko karibu. Nani hangesema Amina? Hata Yeremia alisema Amina (28:6), kwa sababu na yeye alitamani iwe hivyo.

Shida ni kwamba Mungu hakuwa amemtuma Hanania. Alikufa mwaka ule ule. Na badala ya mateka kurudi, Yerusalemu wenyewe ukaanguka mwaka 586 K.K., hekalu likachomwa.

2. Hesabu ya kweli

Mtu akiamini anaondoka baada ya miaka miwili, anaishi vipi? Anakaa juu ya mzigo wake. Halimi, hajengi, haozeshi. Kila kitu kinangoja.

Mwenye duka anaelewa jambo hili. Kabla ya kuagiza mali mpya, lazima ahesabu kilichoko kwa rafu. Akiandika kwa daftari magunia 10 ya unga na yaliyopo ni 3, hajaongeza imani. Amejidanganya, na wateja watajua. Hesabu ya kweli inaweza kuuma, lakini ndiyo peke yake unayoweza kuifanyia kazi.

Barua ya Yeremia ilikuwa hesabu ya kweli. Jengeni, mkae. Pandeni bustani, mle matunda yake. Oeni, mzae, watoto wenu nao waoe. Mtu wa miaka 40 aliyeisoma alielewa mara moja: mimi sitarudi. Na bado aliambiwa apande. Nyumba yake ilikuwa ya wajukuu.

3. Kukubali ulipo si kusema pako sawa

Mungu hakusema Babeli ni pazuri. Sura ya 50 na 51 zinatangaza hukumu yake. Lakini mstari wa 7 unawaagiza mateka mambo mawili kuhusu mji huo huo uliowateka: wautafutie amani, na wauombee. Yote mawili, pamoja.

Tulete hapa kwetu. Mtaro wa mtaa umeziba, kila mvua maji yanaingia kwa nyumba za watu. Mmoja anasema, "Kenya ni hii tu, utafanya nini?" Mwingine anasema, "Mimi hapa napita tu, nangoja visa." Mmoja amekata tamaa, mwingine ana matumaini makubwa, lakini mtaro hakuna aliyeugusa. Watoto wanaendelea kuugua tumbo.

Mtu wa Yeremia 29 anaombea mtaa wake kwa jina, kisha anatafuta koleo na majirani wawili. Na kikao cha bajeti ya kaunti kikiitwa, anahudhuria, kwa sababu Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Mkesha wa Ijumaa na kikao cha Jumatatu havishindani.

4. Mikono Babeli, dirisha Yerusalemu

Danieli alipelekwa Babeli akiwa kijana, akazeekea huko. Alifanya kazi serikalini hata waliomchukia wakakosa kosa la kumshtakia (Danieli 6:4). Lakini madirisha ya chumba chake yalifunguka kuelekea Yerusalemu (6:10). Na aliposoma kitabu cha Yeremia, akaona ile miaka 70, hakusema basi tungoje. Alifunga na kuomba (Danieli 9:2-3).

Wakati wa Mungu ukafika. Koreshi akatoa ruhusa, na Ezra 2:64 inahesabu watu 42,360 waliorudi. Wangetoka wapi, kama baba na babu zao wangekataa kuoa na kujenga?

Ndugu yangu, dada yangu, labda una Babeli yako. Ni kazi ambayo haijapatikana, ni mume ambaye hajaacha pombe, ni sukari ambayo haijashuka. Sikuambii uache kuamini muujiza. Mungu wetu anaponya, na anaweza kukushangaza kesho asubuhi. Nakuambia usisimamishe maisha ukimngoja. Omba, na umeze dawa. Omba, na ufungue hako kabiashara kadogo. Omba, na umsomeshe huyo mtoto. Mungu aliye na tarehe ya kutoka ndiye amekuambia upande bustani.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Kwa nini ujumbe wa Hanania ulikuwa rahisi kupokea kuliko wa Yeremia?
2. Ni jambo gani maishani mwako umelisimamisha "mpaka mambo yawe sawa"?
3. Taja shida moja ya mtaa wetu. Kikundi chenu kitaiombea vipi, na kitafanya nini kabla ya Jumapili?

TUOMBE

Baba, tupe macho ya kuona hali yetu jinsi ilivyo, bila kuogopa na bila kujidanganya. Tupe mikono ya kufanya kazi mahali ulipotuweka. Wakati wako utakapofika, utukute tukijenga. Kwa jina la Yesu, Amina.