Kumchagulia Mtoto wa Kiume Jina la Kwanza na la Kati: Kiambishi Kip- Katika Mtaa wa Elgon View, Eldoret

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa jina jema hung'aa gizani. Methali hii hutumiwa kwa maana ya sifa njema, lakini kabla mtu hajajipatia sifa hupewa kwanza jina lenyewe, na jina hilo halichagui yeye. Huchaguliwa na wazazi, aghalabu kwa haraka, fomu ya uzazi ikiwa mezani. Makala haya yanachunguza uchaguzi huo kama unavyowakabili wazazi wa mtaa wa Elgon View mjini Eldoret, hususan wale wa jamii ya Wakalenjin na wale waliooana nao. Hoja yetu kuu ni moja: jina la kati la Kikalenjin si pambo la kufuatia jina la ubatizo, bali ni ushahidi wa namna mtoto alivyoingia duniani. Anayelichagua bila kuijua sarufi yake humwandikia mwanawe ushahidi wa uongo.

Nafasi tatu za jina

Mpangilio wa jina la kwanza, la kati na la mwisho haukuwa wa wenyeji. Waswahili wa pwani, kwa mfano, humpa mtoto jina lake moja, mara nyingi siku ya saba pamoja na akika. Yanayofuata ni majina ya baba na babu. Hapo hakuna jina la kati la kuchaguliwa, kwa kuwa nasaba imekwisha kulichagua.

Wanandi na jamaa zao wa Kikalenjin walikuwa na mfumo wao. Kwanza palikuwa na kurenet: akina mama wazee walitaja majina ya wahenga waliofariki mmoja baada ya mwingine, na jina ambalo mtoto alipiga chafya likitajwa, ndilo lililokuwa lake. Pili palikuwa na jina la kuzaliwa, lililotaja wakati au mazingira ya uzazi. Tatu, kijana alipotoka jandoni aliitwa kwa neno arap, yaani "mwana wa", likifuatwa na jina la baba yake. Dini ya Kikristo ilipoingia iliongeza jina la ubatizo, nalo likaketi mbele ya yote.

Jina la rais wa pili wa Kenya, Daniel Toroitich arap Moi (1924–2020), linayaonyesha matabaka hayo waziwazi. Daniel ni jina la ubatizo. Toroitich ni jina la utotoni, lenye maana ya kuwalaki ng'ombe warejeapo nyumbani. Arap Moi ni mwana wa Kimoi. Jina la baba lilipofuatana na arap lilivuliwa kiambishi chake Ki-. Kwa hiyo mtu huyu mmoja alibeba kanisa, zizi na ukoo.

Sarufi ya jina la kuzaliwa

Majina mengi ya kuzaliwa ya wavulana huundwa kwa kiambishi awali Kip-, ambacho hujitokeza kama Ki- mbele ya baadhi ya sauti. Ya wasichana huchukua Chep- au Che-, na katika lahaja nyingine Jep- au Je-. Mzizi haubadiliki. Ndiposa tuna Kipkoech na Chepkoech, waliozaliwa kukipambazuka. Kibet na Chebet, wa mchana. Kiplagat na Chelagat, wa usiku uingiapo. Kiprop na Cherop, wa mvua. Kiptoo na Cheptoo, waliozaliwa nyumba ikiwa na wageni. Kiprono ni wa jioni, wakati mbuzi warudipo. Kipsang alizaliwa nje ya nyumba.

Mwanafunzi wa Kiswahili aepuke mitego miwili. Ki- ya Kibet si ile ya ngeli ya KI-VI, wala haidunishi mtu kama ilivyo katika "kijitu". Vilevile, Kipchumba hahusiani na chumba cha kulala. Mzizi wake katika Kikalenjin humrejelea Mzungu.

Mizizi nayo ina mengi ya kusema. Kipngetich ni wa asubuhi ng'ombe watokapo kwenda malishoni, ilhali Kiprotich ni wa saa ya kurejea kwao. Ukiviweka vitamkwa hivyo kando ya Toroitich utaona kipande -tich, yaani ng'ombe, kikirudi katika yote matatu. Saa ya jamii hii ilikuwa mwendo wa mifugo.

Asiyejua sarufi hii hukata mahali pasipokatika. Hezekiah Kipchoge Keino, aliyeshinda dhahabu ya mita 1500 mjini Mexico mwaka 1968 na ya kuruka viunzi na maji mjini Munich mwaka 1972, aliitwa na magazeti ya ng'ambo "Kip", kana kwamba hilo ni jina. Lakini Kip- peke yake ni kiambishi tu, hakimtaji mtu yeyote. Kilichoachwa, -choge, kinachohusu ghala la nafaka, ndicho kilichobeba maana.

Mtaa usio na zizi

Elgon View ni mtaa wa nyumba zenye ua na lango. Jina lake ni la Kiingereza, kwa maana ya mahali pa kuutazama Mlima Elgon. Eldoret yenyewe walowezi waliiita 64, nambari ya shamba, kabla ya kupewa jina lenye asili ya Kimaasai linalohusu mto wa mawe. Agosti 2024 ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Katika jiji hilo mtoto huzaliwa hospitalini, chini ya taa zisizotofautisha usiku na mchana. Mbuzi hawarudi jioni, na ghala ni neno la kwa babu.

Je, majina ya zamani yamekufa? Hatuafiki. Kipchumba ni jibu ambalo wazee wenyewe walilitoa. Wanawake walipoanza kujifungulia hospitali, mbele ya wauguzi wa Kizungu, jamii haikujidai kuwa mtoto amezaliwa karibu na zizi. Ilitunga jina la hali mpya. Kwa hiyo kinachotakiwa kuhifadhiwa ni kanuni: jina lifuate tukio. Mtoto wa Elgon View aliyezaliwa mvua ikinyesha bado ni Kiprop, na wa alfajiri bado ni Kipkoech, hata kama alfajiri hiyo ilipangwa na daktari wa upasuaji.

Mashaka huzuka mzazi anapompa mwanawe jina Kipchoge kwa kumhusudu Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mnamo Oktoba 12, 2019. Kumuenzi shujaa si vibaya. Lakini mfumo wa asili ulitenga kazi hizo mbili: kurenet ilirithisha jina la mtu, na Kip- ilishuhudia tukio. Anayetaka kumrithisha mwanawe jina la babu au la shujaa ana nafasi ya jina la kwanza. Nafasi ya kati aiachie saa ya kuzaliwa.

Jina na hofu

Kuna sababu nzito zaidi inayowafanya wazazi wengine waliache kabisa jina la kiasili. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Eldoret na viunga vyake viliumia sana. Januari 1, 2008, watu waliokuwa wamejisitiri katika kanisa la Kiambaa waliteketezwa kwa moto. Kwenye vizuizi vya barabarani watu walidaiwa vitambulisho, na jina likasomwa kama kabila. Mzazi aliyeyaona hayo akiamua kumwita mwanawe Ryan Liam, hatuwezi kumcheka.

Hata hivyo, tunadai kuwa jina halikumuua mtu. Aliyelisoma kwa chuki ndiye aliyeua. Tena, majina yetu yanafanana kuliko tunavyodhani. Mtoto wa mvua ni Kiprop kwa Wakalenjin, Okoth kwa Wajaluo na Wafula kwa Wabukusu. Katika ndoa ya Mnandi na Mbukusu, wakwe wanaogombea nafasi ya kati wanagombea mvua ile ile. Wakikuyu nao humpa mwana wa kwanza wa kiume jina la babu wa upande wa baba, na wa pili la babu mzaa mama. Hapa wanakutana na kurenet katika kumrudisha mhenga nyumbani. Wazazi wasioafikiana wanaweza pia kutumia Kiswahili: Baraka na Amani ni majina yasiyodaiwa na kabila lolote.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, andika saa, hali ya hewa na waliokuwepo siku ya uzazi kabla ya kujadili jina lolote. Pili, waulize wazee wa pande zote mbili maana ya mzizi, maana lahaja hutofautiana. Tatu, chagua tahajia moja, Kiprop au Kiprob, Kibet au Kibett, na uishikilie kutoka cheti cha kuzaliwa hadi vyeti vya mitihani. Nne, lisomeni jina zima kwa sauti. Lisilotamkika vyema nyumbani litaharibiwa shuleni. Tano, msiogope kungoja kidogo: Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, huruhusu jina kuongezwa au kubadilishwa ndani ya miaka miwili tangu usajili.

Hitimisho

Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa. Sheria haisemi jina lipi. Hilo imewaachia wazazi. Tumeonyesha kuwa jina la kwanza linaweza kubeba imani au heshima ya mtu, nalo la kati likabeba tukio. Mtoto wa Elgon View huenda asimwone kamwe ng'ombe akirudi zizini. Lakini siku atakapouliza kwa nini anaitwa Kimutai, pawepo mtu wa kumwambia: kwa sababu ulizaliwa asubuhi, nasi tulikuwepo.